Mwongozo kamili wa kuchagua multipleksa ya masafa ya redio bila kuunguza mtambo wako

Swali la kuunganisha mitambo miwili kwenye antena moja au waya mmoja naletewa karibu kila wiki, na kila mara limevaa nguo nyingine. Mwenye boti pale Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, ana mlingoti mmoja na redio mbili. Mwenye nyumba ya wageni Pasiansi ana dishi na antena ya king'amuzi juu ya bati, lakini bomba lililozikwa ukutani linapitisha waya mmoja tu. Walinzi wa ghala kule Igogo wana redio kol za aina mbili na antena moja. Wote wamekwenda dukani, wameomba "ile ya kuunganisha antena", wamepewa kiboksi chenye matundu matatu, wamefunga, na mambo yakaenda kombo.

Wa karibuni alikuwa nahodha wa boti ya mizigo iendayo Nansio, mtu mzima aliyeanza kwenda ziwani kabla sijazaliwa.

"Fundi, nikibonyeza redio ya usalama niongee, ile ya muziki inakufa. Nikiachia inarudi."

"Inarudi hapo hapo, mzee, au inachelewa?"

"Mwanzo ilikuwa inarudi hapo hapo. Leo siku ya tatu haijarudi."

Nilifungua kiboksi chake kwa bisibisi ndogo. Ndani mlikuwa na pete nyeusi ya feraiti, ndogo kama punje ya mahindi, imezungushiwa waya mwembamba kama uzi wa kushonea, na upande mmoja waya umeungua ukawa kahawia. Basi. Hapakuwa na koili nyingine, wala kapasita, wala ukuta wa bati katikati. Ilikuwa splita ya televisheni, na mzee alikuwa akipitisha humo wati 25 za redio ya VHF ya majini.

Jambo ninalomweleza kila mtu ni moja, na mwongozo huu wote unalizunguka: idadi ya matundu haisemi chochote. Multipleksa huchaguliwa kwa pengo lililopo kati ya masafa yako, na kwa nguvu ya mtambo unaotuma. Bei na chapa vinakuja nyuma ya hayo mawili.

## Majina, ili tusipishane dukani

Multipleksa ina tundu moja la shina na matawi mawili au zaidi. Kila tawi lina filta inayopitisha masafa yake na kuyazuia ya mwenzake. Ikiwa na matawi mawili inaitwa daipleksa, matatu, tripleksa. Haitumii umeme, na inafanya kazi pande zote mbili: inaunganisha na inatenganisha.

Dupleksa ni ndugu yake mkali zaidi. Kazi yake ni kuruhusu kutuma na kupokea kwa wakati mmoja kwenye masafa yaliyokaribiana sana, kama kwenye ripita ya mlimani, mtambo unaopokea sauti na kuirusha upya. Majina haya mawili yanafanana mdomoni, na wengi wanauziwa moja wakidhani ni lingine.

Splita haichagui. Inagawa kila kinachoingia nusu kwa nusu, kila tawi likipoteza desibeli (kipimo cha kulinganisha nguvu) 3 na ushee. Swichi nayo inaunganisha tawi moja tu kwa wakati.

Ukienda Mwaloni asubuhi utaona tofauti kwa macho: kuna anayemimina dagaa kwenye ndoo mbili sawasawa, na kuna anayechambua, dagaa huku, mchanga na takataka kule. Splita ni yule wa kwanza. Multipleksa ni yule wa pili.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Daftari, kalamu na kikokotoo cha simu.
- Lebo au kitabu cha kila mtambo: masafa yake, wati zake, omu zake.
- Kipimo cha NanoVNA, kinachoonyesha masafa yapi yanapita na yapi yanazuiwa, pamoja na vipande vyake vya kusawazishia. Kama huna, azima kwa fundi mwenzako kwa siku moja.
- Mizigo bandia miwili ya omu 50, inayokaa mahali pa antena na kumeza nguvu bila kuirusha angani: mmoja mdogo wa kupimia, na mmoja mkubwa unaobeba wati zote za redio yako.
- Kipimo cha wati na SWR (namba inayoonyesha nguvu inavyorudi nyuma; 1 ndiyo bora) kinachofika kwenye masafa unayotumia.
- Multimita ya kawaida.
- Adapta za konekta na vipande vifupi vya waya wa koaksia vilivyo vizima.
- Kizuia radi cha koaksia na waya mnene wa shaba wa kwenda ardhini.
- Utepe wa mpira unaojishika wenyewe, na tepu ya umeme ya kufunikia juu yake.

Kitu kimoja hakiuzwi dukani. Kama kuna mtambo unaotuma, uwe na leseni ya masafa na uwe umeidhinishwa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Ofisi yao ya Kanda ya Ziwa ipo hapa hapa Mwanza. Multipleksa haibadilishi masafa uliyoruhusiwa.

## Hatua ya 1: Andika masafa yako yote kwenye karatasi

Watu wanairuka hatua hii kwa sababu inaonekana ya kitoto. Ndiyo inayoamua kila kitu.

Kwa kila mtambo andika: masafa ya chini kabisa, ya juu kabisa, unatuma au unapokea tu, na kama unatuma, wati ngapi. Haya ndiyo ninayokutana nayo sana kandokando ya ziwa:

- Redio ya FM: 87.5 hadi 108 MHz, kupokea tu.
- VHF ya majini: 156 hadi 162 MHz na kidogo juu yake, kutuma hadi wati 25. Chaneli 16, ya dharura na kuitana, ni 156.8 MHz.
- AIS, inayoonyesha vyombo vingine majini: 161.975 na 162.025 MHz.
- Redio kol za UHF: mara nyingi kati ya 400 na 470 MHz.
- Televisheni ya antena: 470 hadi 694 MHz.
- Dishi, kwenye waya unaoshuka kutoka LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi: 950 hadi 2150 MHz.
- GPS: 1575.42 MHz.

Chini ya kila mtambo unaotuma, zidisha masafa yake mara mbili na mara tatu, uandike majibu. Mtambo haupigi kelele kwenye masafa yake peke yake. Unavujisha kidogo kwenye marudufu yake. Chaneli 16 mara tatu ni 470.4 MHz, na hapo ndipo televisheni inapoanzia. Ndiyo maana picha ya king'amuzi kwenye boti huganda kila nahodha anapobonyeza kuongea, hata kama hakuna kifaa kilichoharibika.

Umefaulu ukiwa na mstari mmoja kwa kila mtambo, bila neno "kama" wala "hivi". Namba tu.

## Hatua ya 2: Pima pengo

Chukua masafa ya juu ya kundi la chini na masafa ya chini ya kundi la juu. Toa, kisha gawa kwa namba iliyo katikati yao, uzidishe kwa 100. Hiyo ndiyo asilimia ya pengo.

FM inaishia 108, VHF ya majini inaanzia 156. Tofauti ni 48, kati yao ni 132, pengo ni asilimia 36. Pana sana. Daipleksa ndogo ya koili na kapasita inatosha, na ni ya bei nafuu.

VHF inaishia 162, UHF inaanzia 400: pengo ni karibu asilimia 85. Hapo hata daipleksa ya kawaida ina raha.

Daipleksa nyingi za televisheni na dishi zimeandikwa "5–862" upande mmoja na "950–2150" upande wa pili. Pengo lao ni kama asilimia 10. Bado linawezekana kwa koili na kapasita, lakini filta inabidi iwe imetengenezwa kwa uangalifu.

Sasa tazama ripita. Kwenye chaneli za majini za njia mbili, kutuma na kupokea kunaachana kwa 4.6 MHz tu, na hiyo ni asilimia 2.9. Kwenye mnara wa simu wa bendi ya awali ya 900 MHz, upande mmoja unaishia 915 na wa pili unaanzia 935: asilimia 2.2. Koili haiwezi kukata kwa ukali huo. Hapo unahitaji dupleksa ya kaviti, yale makopo makubwa ya chuma yenye skrubu za kutunia juu, au za seramiki kwa nguvu ndogo.

Kipimo changu cha kazini ni hiki. Pengo likizidi asilimia 20, nunua daipleksa ya kawaida bila woga. Likiwa kati ya 5 na 20, nunua ile tu yenye karatasi ya vipimo inayosomeka. Likishuka chini ya 5, ni kaviti. Na masafa yakiingiliana, hakuna multipleksa duniani itakayokusaidia.

Hilo la mwisho ndilo linalowakamata wenye boti. AIS na redio ya sauti ya VHF hazina pengo: 161.975 na 162.025 zimekaa ndani ya eneo lile lile la VHF ya majini. Anayekuuzia daipleksa isiyo na umeme ya "VHF na AIS" anakuuzia kitu kingine. Kinachofanya kazi ni kifaa maalumu chenye umeme, kinachohisi redio inapotuma na kuikata AIS kwa muda huo. Njia ya pili ni antena mbili. Nikiulizwa, nasema antena mbili, moja juu ya nyingine kwenye mlingoti kwa kadiri unavyoweza kuziachanisha, kwa sababu zikipangwa wima zinasumbuana kidogo kuliko zikisimama bega kwa bega. Hazina cha kuungua ndani, na moja ikivunjika bado una redio.

Umefaulu ukiwa na asilimia ya pengo kwa kila jozi, na aina ya kifaa imeandikwa mbele yake.

## Hatua ya 3: Amua kama unaokoa antena au unaokoa waya

Kazi hizi ni mbili tofauti, na hesabu zake hazifanani.

Kuokoa antena: redio mbili, daipleksa moja chini, waya mmoja, antena moja juu. Hapa antena yenyewe lazima ifanye kazi kwenye masafa yote mawili. Daipleksa haiipi antena uwezo ambao haina. Robo wimbi ya 156.8 MHz ni fimbo ya sentimita 48. Ukiiletea FM itapokea stesheni za hapa mjini, lakini ukiilazimisha kutuma kwenye masafa ambayo haikutengenezewa, SWR itapanda na mtambo utaumia. Kwa VHF na UHF pamoja, nunua antena iliyoandikwa masafa yote mawili.

Kuokoa waya: antena mbili juu, daipleksa juu, waya mmoja, daipleksa ya pili chini. Hii ndiyo kazi ya nyumba ya wageni Pasiansi. Hizo daipleksa mbili ziwe pacha, za aina moja, na kumbuka upotevu unahesabiwa mara mbili.

Nyumba zetu za milimani, zilizopandishwa juu ya mawe, mara nyingi zina waya mrefu kutoka antena hadi sebuleni. Kabla ya kulaumu daipleksa, hesabu waya. Mita 30 za waya mwembamba wa aina ya RG-58 kwenye masafa ya 150 MHz zinakula kama desibeli 6. Kati ya wati 25, zinafika kama 6 tu. RG-213, ulio mnene zaidi, wa urefu huo huo inafikisha kama 14. Hakuna daipleksa itakayokurudishia wati zilizobaki njiani.

## Hatua ya 4: Soma namba nne kwenye karatasi ya vipimo

Dirisha la kila tawi. Ni masafa ambayo tawi linapitisha. Lazima limeze masafa yako yote kutoka Hatua ya 1, pande zote mbili, na libakize nafasi kidogo ukingoni. Filta huanza kuchoka kabla ya kufika mwisho wa dirisha lake.

Upotevu wa kupita. Ni kiasi kinachopotea ndani ya kifaa kwenye masafa yanayoruhusiwa. Desibeli 0.5 ni karibu asilimia 11: wati 25 zinatoka zikiwa 22.3. Desibeli 1 ni asilimia 20 na kitu. Nguvu hiyo haiendi angani, inabaki ndani ya kiboksi kama joto. Kwa tawi linalotuma, mimi sikubali zaidi ya 0.5 kwa daipleksa ya pengo pana. Kwa kaviti kubali zaidi, kwa sababu ukali wa filta unalipiwa kwa upotevu.

Utengano. Hii ndiyo namba inayoiokoa redio yako, na ndiyo ambayo wauzaji wengi hawaitaji. Inaeleza ni kiasi gani cha nguvu ya tawi moja kinachopenya kwenda tawi la pili. Kila desibeli 10 inagawa kwa kumi. Tuchukue wati 25 za nahodha:

- Utengano wa 20, ambao ni wa splita ya kawaida: wati 0.25 zinaingia kwenye redio ya muziki. Kipokezi kimetengenezwa kusikia sehemu ndogo sana ya milioni ya wati. Robo wati kwake ni kipigo.
- Utengano wa 40: miliwati 2.5. Pengine hakitaungua, lakini kitazibwa masikio kila unapoongea.
- Utengano wa 60: sehemu 25 za milioni ya wati. Hapo mambo yanakaa vizuri.

Kwa hiyo, mtambo ukituma wati 25 na jirani yake anapokea tu, tafuta utengano wa 50 kwenda juu. Kwa televisheni na dishi, ambako hakuna anayetuma, 20 hadi 30 zinatosha kabisa, na usilipie zaidi.

SWR ya kila tundu. Iwe 1.5 au chini yake. Kwa 1.5, asilimia 4 ya nguvu inarudi nyuma. Kwa 2, asilimia 11.

Kwa wale wa minara kuna namba ya tano. Mitambo kadhaa ikikutana kwenye chuma chenye kutu au konekta iliyolegea, masafa hujichanganya yenyewe na kuzaa mengine. Chukua 935 na 960: mara mbili ya 935 ukitoa 960 ni 910, na 910 ipo katikati ya eneo ambalo mnara unasikiliza simu za wateja. Multipleksa ya mnara lazima iwe na kipimo cha mchanganyiko huo, na konekta zake zikazwe kwa spana yenye kipimo cha nguvu, siyo kwa koleo.

## Hatua ya 5: Nguvu, na mtego wa mitambo miwili

Boksi likiandikwa "wati 50", wengi wanajumlisha: 25 na 25 ni 50, basi linatosha. Halitoshi. Mitambo miwili ikituma kwa wakati mmoja, kuna nukta ambapo volti zao zinakutana juu ya shina na kuwa maradufu, na nguvu inayofuata volti inakuwa mara nne ya mtambo mmoja. Wati 25 mbili zinafika kilele cha 100. Mitambo mitatu iliyo sawa inafika mara tisa. Kapasita hutobolewa na kilele, hata kama wastani ni mdogo na boksi halijapata joto.

Kwa hiyo soma namba mbili: wati za wastani na wati za kilele. Ikiandikwa moja tu, ichukulie kuwa ni ya kilele, na uache nafasi.

Kwa wenye vituo vya FM vya nguvu kubwa, ongeza jambo hili: uso wa Ziwa Victoria uko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na minara yetu iko juu zaidi. Shinikizo la hewa hapa ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 ukilinganisha na pwani, na hewa nyepesi inaruhusu cheche kuruka kwa volti ndogo. Kaviti iliyopimwa usawa wa bahari haina ujasiri ule ule mlimani.

## Hatua ya 6: Omu, konekta na umeme wa kupanda

Redio zinazotuma ni omu 50. Televisheni na dishi ni omu 75. Ukizichanganya unapata SWR ya 1.5 bure, kwa kupokea tu inavumilika, kwa kutuma achana nayo.

Kwa nje, chagua konekta za N, maana zina mpira wa kuzuia maji. PL-259 ni imara lakini hazizuii maji zenyewe.

Kisha jiulize: kuna kitu juu kinachohitaji umeme kupitia waya? LNB inahitaji volti 13 au 18, kikuza mawimbi cha antena nacho kinataka volti zake. Daipleksa lazima ipitishe umeme kwenye tawi hilo na isiupitishe kwenye la pili. Pima kwa multimita: shina hadi tawi la dishi kuwe na njia, shina hadi tawi la antena kusiwe nayo. Hii inachukua dakika moja, na imeniokoa mara nyingi.

## Hatua ya 7: Dukani

Nenda na karatasi yako. Usiombe "ya kuunganisha antena". Omba kwa namba: "Nataka daipleksa, tawi moja mwisho 108, tawi la pili kuanzia 150, wati 50, omu 50."

Tazama matundu. Yakiandikwa "ingia" moja na "toka" mbili bila masafa yoyote, ni splita. Kila tawi la multipleksa huandikwa masafa yake.

Mwenye duka akikuruhusu kufungua, tafuta koili za waya mnene wa shaba zilizosimama zikiwa zimeachana, kapasita kati yake, na ukuta wa chuma kati ya tawi na tawi. Ukiona pete moja ya feraiti yenye waya mwembamba, rudisha. Kiboksi chepesi kama ganda la kiberiti kilichoandikwa wati 200 nacho kirudishe.

## Hatua ya 8: Pima mezani kabla hujapanda juu

Usiruke hata ukiwa na haraka. Kupanda mlingoti mara mbili ni kazi kuliko kupima mara moja.

Onyo: usiunganishe kamwe NanoVNA na redio inayoweza kutuma. Bonyezo moja la maiki, na kipimo kimekufa. Chomoa redio zote, ziweke meza nyingine.

Sawazisha kipimo kwa vipande vyake: wazi, fupi, mzigo, kisha kupitisha. Fanya hivyo ukiwa tayari umeweka masafa utakayopima, kwa sababu ukibadilisha masafa unaanza upya.

Kwanza, shina kwenye mlango wa kwanza wa kipimo, tawi la VHF kwenye mlango wa pili, na tawi lililobaki lifungwe kwa mzigo mdogo wa omu 50. Tawi lililoachwa wazi linadanganya vipimo vyote. Hapa ndipo wanaoanza wanapotupa vifaa vizima. Soma upotevu kwenye 156, 156.8 na 162.

Kwenye skrini, ndani ya dirisha mstari unatakiwa kulala tambarare karibu na sifuri, kama ziwa alfajiri kabla upepo haujaamka. Ukitoka nje ya dirisha kuelekea masafa ya jirani, uporomoke kama umefika ukingo wa jabali. Ukiona mstari umeshuka 3 au 3.5 kila mahali bila kuporomoka popote, umeshika splita, hata kama boksi linasema vingine.

Badilisha tawi, rudia. Mwisho pima tawi hadi tawi, shina likiwa limefungwa kwa mzigo: huo ndio utengano.

Umefaulu ukipata upotevu chini ya 0.5, SWR chini ya 1.5 na utengano juu ya 50 kwenye masafa *yako*. Usivutwe na namba nzuri kwenye masafa usiyotumia.

## Hatua ya 9: Funga dhidi ya maji, mtetemo na radi

Maji ya ziwa letu hayana chumvi, na watu wanadhani hiyo ni salama. Nimefungua konekta baada ya masika moja nikakuta shaba imekuwa kijani na matone yamelala ndani ya waya. Weka boksi ndani ya chumba cha nahodha au chini ya paa inapowezekana. Ikibidi likae nje, matundu yatazame chini, na kila waya uning'inie kitanzi kabla ya kuingia, ili maji yadondokee pale na yasifuate waya hadi kwenye konekta. Zungusha utepe wa mpira kuanzia chini kwenda juu, kila mzunguko ukipanda juu ya wa chini yake kama bati za paa, kisha tepu ya umeme juu. Ziba kila tobo la boksi. Vile vijidudu vya ziwani vinavyopanda kama moshi huingia palipo na mwanga na joto.

Injini inatetemesha kila kitu. Boksi lifungwe kwa bolti ubaoni, lisining'inie kwenye waya wake.

Radi za ziwani hupiga sana usiku kuelekea alfajiri, saa ambazo boti nyingi ziko majini. Kizuia radi kikae kati ya antena na shina, kabla ya multipleksa, na waya wake wa ardhini uwe mfupi na usikunjwe kona kali. Kwenye boti ya mbao, ardhi yako ni bamba la shaba lililozama chini ya maji. Kama waya unapandisha umeme kwa LNB, hakikisha kizuia radi chenyewe hakikati umeme huo. Na niseme wazi: radi ikipiga mlingoti moja kwa moja, kizuia radi hakiahidi kitu. Dhoruba ikionekana na upo gatini, chomoa.

## Hatua ya 10: Jaribu kwa mpangilio

Weka mzigo mkubwa wa omu 50 mahali pa antena. Redio iwe kwenye wati 1 kwanza, kisha 25. Soma wati zinazotoka: ukipata 22 au 23, sawa. Bonyeza dakika moja, shika boksi: vuguvugu linakubalika, joto la kukufanya uondoe mkono halikubaliki.

Sasa unganisha antena, soma SWR, halafu washa redio ya pili na utume kwa ile ya kwanza. Redio ya pili iendelee kuongea bila kukatika. Usijaribie chaneli 16. Kuna mtu huenda anaihitaji kwa uhai wake.

Vikigoma, dalili zinasema. Redio ya pili ikizibwa wakati wa kutuma tu, tatizo ni utengano au marudufu. SWR ikiwa nzuri kwenye mzigo na mbaya kwenye antena, daipleksa haina kosa, panda juu. Yote mawili yakiwa dhaifu siku za mvua tu, kuna maji kwenye konekta.

Boti ya mzee sasa ina daipleksa ya FM na VHF, utengano wake ulipimwa 54 mezani, na redio ya muziki ilibidi inunuliwe nyingine. Ndani ya kifuniko cha boksi niliandika kwa kalamu ya wino usiofutika: tarehe, upotevu wa kila tawi, utengano, SWR ya antena, na masafa yaliyopimwa. Masika yakiisha, fundi yeyote atakayelifungua, hata kama si mimi, atapima tena na kulinganisha namba na namba.